Jinsi ya kufuatilia mjadala wa mageuzi ya uchumi nchi ikizidiwa na madeni

Kwanza usianze na hotuba za wanasiasa, anza na makaratasi. Nchi ikikopa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) serikali huwa inaandika barua ya ahadi na mara nyingi inawekwa kwenye tovuti ya IMF, ifungue ushuke mpaka kwenye majedwali ya mwisho, pale ndo utaona kodi gani inapanda, ruzuku gani inakatwa na mwisho wake lini.

Alafu kila pendekezo uliza nani analipa. VAT, ile kodi inayoongezwa kwenye bei ya vitu tunavyonunua, ikipanda inamgusa hata asiye na mshahara, mi naona hiyo ndo ya kubishania kuliko zote.

Cheki pia wanaodai ni kina nani, wakopeshaji hawafanani, kuna wenye hatifungani (karatasi za mkopo ambazo serikali inawauzia wawekezaji), kuna serikali zingine.

Na usisubiri mpaka mwisho jamani! Ugiriki tarehe 5 Julai 2015 asilimia 61 ya waliopiga kura walikataa masharti ya wakopeshaji, siku 8 baadae serikali yao ikakubali masharti makali tu. Kwa hiyo mwandikie mbunge wako kabla bajeti haijapita, taja kifungu chenyewe kwa namba, na useme unataka kibadilishwe kiwe nini.