Umfolo nani ukitaka kuishi miaka mingi na afya yako? Namna ya kuwachuja

Kabla hujamfolo mtu yeyote wa mambo ya kuishi miaka mingi, jiulize kwanza hela yake inatoka wapi. Fungua profaili yake, shuka mpaka kwenye linki, angalia anauza nini. Ukikuta kila video inaanza na uchovu wako na kuishia kwenye kopo la vidonge lenye jina lake, basi uko dukani, endelea kuangalia ukipenda lakini ujue uko dukani. Watu wengi wanaliruka hili swali, wanakimbilia kuangalia kifua chake na umri wake, eti ana miaka 50 anaonekana wa 30 kwa hiyo anajua. Mwonekano wa mtu mmoja hauthibitishi kitu, kuna wazazi waliomzaa, kuna taa na kamera, na kuna dawa asizokutajia.

Mfano upo na dunia nzima iliuona. Brian Johnson, yule Mmarekani wa midevu aliyejiita Liver King, alipata mamilioni ya wafuasi akitembea kifua wazi na kutafuna maini mabichi, anasema mwili ule umetokana na kuishi kama watu wa kale, na huku anauza vidonge vya maini yaliyokaushwa. Desemba 2022 barua pepe zake zikavuja, akatoka mwenyewe kwenye video akakiri anatumia steroidi, dawa za kukuza misuli. Sasa fikiria waliokuwa wananunua yale makopo na kujilaumu kwamba miili yao haiitikii, mtu anajiona mvivu kumbe muda wote alikuwa anajilinganisha na sindano. Inaniuma sana hii kitu, kwa sababu wanaoumia ni watu wenye nia nzuri kabisa ya kujitunza.

Usimchanganye na Bryan Johnson mwingine, wa herufi y, aliyeuza kampuni yake ya malipo Braintree kwa PayPal mwaka 2013 kwa dola milioni 800 na sasa anapima kila kiungo cha mwili wake asizeeke. Huyu namheshimu kwa jambo moja, akijaribu kitu kikagoma anasema. 2023 aliwekewa plazma, yaani yale maji ya damu, ya mwanae, akapima, hakuona faida, akatangaza ameacha. Rapamaisini, dawa ya kushusha kinga ya mwili inayojaribiwa kuchelewesha uzee, nayo alitumia miaka kama mitano akaacha 2024 kwa sababu ya madhara aliyoyaona, na hilo pia akaliandika wazi. Ila kuiga ratiba yake ni habari nyingine kabisa, maana anafanya mambo mengi kwa mpigo kwenye mwili mmoja, hata yeye hawezi kujua lipi limefanya kazi na lipi limekaa tu, na siku hizi naye anauza bidhaa, kwa hiyo rudi kwenye swali la kwanza.

Hiyo tabia ya kusema "nimejaribu, haikufanya kazi" ndo kitu kikubwa cha kumtafutia mtu. Kwangu mimi inazidi digrii, inazidi idadi ya wafuasi. Ushahidi ukimgeuka anafanya nini?

Chukua kisa cha resveratroli, kemikali iliyomo kwenye ganda la zabibu. David Sinclair wa Harvard na wenzake walionyesha 2003 kwamba inaongeza maisha ya hamira, 2006 wakaonyesha inasaidia panya waliolishwa mafuta mengi, kampuni yao Sirtris ikanunuliwa na GlaxoSmithKline 2008 kwa dola milioni 720. Watu wakanunua vidonge vya resveratroli dunia nzima. Halafu Marekani kuna mpango unaitwa Interventions Testing Program, maabara tatu tofauti zinajaribu dawa ileile kwa panya kwa wakati mmoja ili bahati ya sehemu moja isidanganye watu, wakawapa panya wa kawaida resveratroli na panya hawakuishi zaidi. 2013 GlaxoSmithKline ikaifunga ofisi ya Sirtris. Sinclair ni mwanasayansi wa kweli na anaeleza mambo vizuri kuliko wengi, ila mara kwa mara maneno yake yanatangulia mbele ya ushahidi, na 2024 alijiuzulu urais wa chama cha watafiti wa uzee baada ya wenzake kulalamikia kauli kwamba dawa fulani ya mbwa imethibitika kurudisha uzee nyuma. Ukimsikiliza, sikiliza ile sayansi, akifika kwenye anachomeza yeye asubuhi we pita.

Sasa mlinganishe na Matt Kaeberlein, naye mtafiti wa uzee. Wamepitia maabara moja kule MIT, na yeye ni kati ya waliojaribu kurudia yale matokeo ya hamira wakayakosa, akachapisha hivyohivyo. Baadaye akashiriki kuanzisha Dog Aging Project, wanajaribu rapamaisini kwa mbwa wanaoishi majumbani na wenyewe, kwa sababu zile maabara tatu zilionyesha 2009 kwamba panya walioanzishiwa hiyo dawa uzeeni waliishi zaidi. Ukimsikiliza utamsikia akisema hiki tunakijua, hiki bado, hiki nakikisia. Huyu mfolo.

Lakini mtu ninayempimia wengine wote alishafariki, na ningependa kila anayejali afya yake amjue. Richard Doll, daktari Mwingereza, 1912 mpaka 2005. Mwishoni mwa miaka ya 1940 saratani ya mapafu ilikuwa inapanda vibaya Uingereza, yeye na Austin Bradford Hill wakaanza kuhoji wagonjwa kwenye hospitali za London, unafanya kazi gani, unaishi wapi, unavuta? Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na dhana yake ilikuwa kwamba chanzo kitakuwa lami ya barabarani au moshi wa magari. Majibu yakawa yanarudi kwenye sigara, yanarudi kwenye sigara, na yeye akaacha kuvuta kabla hata utafiti haujaisha. Hajamuuzia mtu kitu hapo, takwimu zake mwenyewe zimemwambia ukweli na akaufuata kwa mwili wake. Wakachapisha 1950, mwaka uliofuata wakaanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wakawafuatilia miaka 50, na ripoti ya 2004 ikaonyesha waliovuta maisha yao yote walikufa wastani wa miaka 10 mapema. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliiokoa karibu yote kumi, akiwa na 40 kama tisa, 50 kama sita, na hata wa 60 aliokoa kama mitatu. Ukiona mtu anakuuzia kidonge cha kuongeza maisha muulize kama ana namba za namna hiyo kwa binadamu.

Mwingine wa zamani ni Jerry Morris, 1953 alichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London, madereva wanakaa siku nzima, makondakta wanapanda na kushuka ngazi siku nzima, na makondakta ndo walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Basi likawa hilohilo, kampuni ileile, tofauti ngazi. Morris mwenyewe alifika miaka 99. Leo Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na siku mbili au zaidi za mazoezi ya misuli, na mshauri yeyote ambaye hagusi hili wiki baada ya wiki sijui anashauri nini.

Kuna watu wa kuwaacha ambao hata hawajakosa chochote, nao ni wazee wa miaka mia. Tunapenda sana kuwauliza siri yao. Jeanne Calment, Mfaransa aliyefariki 1997 akiwa na miaka 122, alivuta sigara karibu maisha yake yote, sasa tuige hilo? Nir Barzilai wa Albert Einstein College of Medicine kule New York ametafiti wazee wa namna hii miaka mingi, na aliona wengi wao hawakula wala kufanya mazoezi vizuri kuliko watu wengine, damu ya ukoo iliwabeba. Kwa hiyo mfolo Barzilai, usimfolo mzee. Na zile sehemu tano za dunia ambazo mwandishi Mmarekani Dan Buettner alizipa umaarufu kuwa watu wake wanaishi sana, Okinawa ya Japani na wenzake, mambo mengi anayoyasema ni mazuri tu, kula mimea, kutembea, kukaa na watu, ila kuhusu zile hesabu za umri nenda taratibu. Mtafiti Saul Newman alipata 2024 tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti za kuchekesha lakini za kufikirisha, kwa kuonyesha jinsi rekodi za wazee sana zilivyojaa makosa na udanganyifu wa pensheni. 2010 Tokyo, mzee aliyeandikwa ana miaka 111 alikutwa maiti iliyokauka kitandani, amekufa miaka kama 30 nyuma, na pensheni inachukuliwa. Serikali ya Japani ilipokagua ikakuta wazee zaidi ya 230,000 wa miaka mia na kuendelea waliomo kwenye daftari hawajulikani waliko.

Wa kuwafolo leo, wa kwangu ni wachache. Eric Topol, daktari wa moyo wa Scripps Research huko California, anaandika jarida la mtandaoni Ground Truths, ni mkali kwa wauza vipimo na vidonge. Robert Waldinger, daktari wa akili anayesimamia utafiti wa Harvard ulioanza 1938 wa kufuatilia maisha ya watu tangu ujana, ukitaka kuelewa kwa nini ndoa na marafiki ni suala la afya msikilize yeye, ila kumbuka ulianza na wanaume tu wa Boston na Harvard. Rhonda Patrick anachambua tafiti kwa undani hasa za sauna na omega 3, ni mtafiti siyo daktari wa kutibu, na kwa virutubisho ana moyo mwepesi kuliko wangu. Valter Longo wa University of Southern California kwa mambo ya kufunga, naye ana kampuni inayouza chakula cha mfungo alichokitafiti, analisema wazi, basi namsoma na nangoja wasio na hisa waseme nini. Inatosha. Ukifolo 40 utapata ushauri 40 unaopingana kabla ya saa nne asubuhi na hutafanya hata mmoja.

Hata hawa wakisema kitu kipya usikimeze palepale. Ingia PubMed au Cochrane, tovuti za kutafutia tafiti za afya, andika jina la hicho kitu, tafuta majibu ya maswali haya: ni panya au watu, walikuwa wangapi, walilinganishwa na nini, na kilichopimwa ni ugonjwa na kifo au namba tu kwenye karatasi ya vipimo. Beta karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili unaigeuza vitamini A, iliingia akilini kabisa, waliokula mboga na matunda yenye nayo walionekana kupata saratani kidogo, kwa nini tusiitie kwenye kidonge? Finland wakaijaribu kwa wanaume wavutaji 29,133, na 1994 majibu yakatoka, waliokunywa beta karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18.

Na kama tayari umeanza kumeza kitu kwa sababu ya mtu wa mtandaoni, usimfiche daktari anayekupima presha na sukari. Wengi wanaficha, wanaona aibu au wanasema ni mitishamba tu. Mmea wa St John's wort unapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, vitamini K inavuruga warfarini ya kuzuia damu kuganda, na daktari hawezi kujua usipomwambia. Piga picha kopo upande wa nyuma, penye maandishi madogo ya viungo na kipimo, maana jina kubwa la mbele mara nyingi halisemi kilichomo, na uende nayo kwenye simu siku ya kliniki.