Kabla ya Kununua Diski ya Nje kwa Bei Nafuu Hapa Lubumbashi

Majuma ya mwisho kabla ya wanafunzi kuwasilisha TFC zao, yaani kazi ya kuandika ya kumaliza masomo, meza yetu ya uchapaji na fotokopi hugeuka kuwa zahanati ya kompyuta. Mtu anafungua laptopu yake ili tumchapie kurasa themanini, na papo hapo kioo kinamwonya kwamba nafasi imekwisha; anaanza kufuta nyimbo, halafu video za harusi ya dada yake, halafu ananiinamia na kuuliza kwa sauti ya chini ni wapi mjini anaweza kupata diski ya nje kwa bei nafuu. Siku hizi simjibu mara moja. Namwomba akae kwanza, kwa sababu mwenye fedha kidogo ndiye anayepaswa kujiandaa zaidi kabla ya kutoka nyumbani, na sehemu kubwa ya maandalizi hayo haigharimu hata franka moja.

Jambo la kwanza ni kujua ulicho nacho. Fungua kompyuta, tazama ukubwa wa folda za picha, za video na za kazi, jumlisha, kisha fikiria ni kiasi gani kitaongezeka kwa miaka mitatu ijayo. Maandishi hayali nafasi: TFC nzima pamoja na majedwali yake huenea katika megabaiti chache. Picha ya simu ni megabaiti tatu hadi tano hivi, ilhali picha ghafi ya kamera ya kitaalamu hufika megabaiti 25 au 30. Mlaji mkubwa ni video, kwani dakika moja ya video ya simu yenye ubora wa 1080p huchukua takriban megabaiti 60 hadi 130, kutegemea jinsi simu inavyoibana. Mwanafunzi asiyepiga video atakaa miaka mingi na gigabaiti 500. Mpiga picha za harusi asishuke chini ya terabaiti 2.

Katika hesabu hiyo usishtuke ukikuta kwamba diski iliyoandikwa terabaiti 1 inaonyesha gigabaiti 931 tu kwenye Windows, au ile ya gigabaiti 500 inaonyesha 465. Hapo hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa maelfu, yaani terabaiti moja ni baiti 1,000,000,000,000, wakati Windows hugawanya kwa 1,024 kila ngazi na bado huiita gigabaiti. Nimewahi kushuhudia mteja na muuzaji wakikaribia kushikana mashati kwa sababu ya tofauti hiyo, na wote wawili walikuwa na haki.

Jambo la pili, ambalo wengi hulipita, ni kuamua kama unatafuta nafasi ya ziada au unatafuta nakala ya akiba. Mtu akihamisha picha zake zote kwenye diski mpya, kisha akazifuta kwenye kompyuta ili ipumue, hujiambia kwamba sasa zimehifadhiwa. Ukweli ni kwamba bado ana nakala moja tu, na sasa nakala hiyo imo ndani ya kitu kidogo kinachoweza kuanguka, kuibwa, au kusahauliwa kwenye kiti cha teksi. Kwa hiyo, fedha zikiruhusu, mimi hushauri diski mbili za terabaiti 1 badala ya moja ya terabaiti 2, ingawa najua kwamba kwa hesabu ya bei ya kila gigabaiti diski mbili ndogo zitakugharimu zaidi. Ikiwa hata hilo haliwezekani, basi chagua folda ambazo zikipotea utalia, na hizo peke yake uzinakili pia kwenye flashi au kwenye akaunti yako ya intaneti.

Baada ya hapo ndipo unapochagua aina. Diski ya kuzunguka, ambayo ndiyo ya bei ya chini, ina sahani ndani yake zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika au zaidi, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake bila kuzigusa, katika mwanya mwembamba kuliko unywele kwa mbali sana. Ndiyo maana diski hiyo ikianguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi, kichwa kinaweza kuzikwangua sahani na kila kitu kikaisha. SSD, ambayo ndiyo aina ya pili, haina kitu kinachozunguka, hustahimili mishtuko na ni nyepesi, lakini kwa kila gigabaiti ni ghali zaidi. Anayesafiri kila siku kwa pikipiki au kwa basi kati ya Ruashi na mjini akiwa na diski ndani ya begi, na anayehitaji gigabaiti 500 tu, ajikaze anunue SSD. Yule ambaye diski yake itakaa juu ya kabati na kushushwa mara moja kwa juma hana sababu ya kulipa ziada hiyo.

Diski za kuzunguka zenyewe ziko za vipimo viwili. Ile kubwa ya inchi 3.5 huhitaji plagi yake ya ukutani, na katika mji ambao umeme hukatika bila kubisha hodi hilo ni tatizo kubwa, kwani diski huzimika ghafla katikati ya kunakili hata kama laptopu yako bado ina betri. Ile ndogo ya inchi 2.5 hula umeme kupitia kebo ya USB peke yake, kwa hiyo betri ya laptopu huibeba pia. Ina sharti moja tu, nalo ni kwamba tundu la USB liwe na nguvu ya kutosha: tundu la zamani la USB 2.0 hutoa miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900, na diski isiyoshiba hulia tik-tik-tik bila kuonekana kwenye kompyuta. Kabla ya kuilaumu, ichomeke moja kwa moja kwenye mashine, kwa kebo fupi, bila kupitia kigawanyio cha USB.

Kasi nayo ina uzito kwetu kuliko kwa watu wenye umeme wa saa 24. Kuhamisha gigabaiti 200 kupitia USB 2.0, ambayo kwa kawaida hupitisha megabaiti 30 hadi 35 kwa sekunde, kutakuchukua zaidi ya saa moja na nusu. Kupitia USB 3.0, diski hiyohiyo ya kuzunguka inaweza kufanya megabaiti 110 au zaidi kwa sekunde, na kazi ikaisha kwa nusu saa. Umeme ukirudi usiku kwa saa moja tu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utamaliza. Kwenye kompyuta nyingi tundu la USB 3.0 lina rangi ya bluu ndani. Ikiwa laptopu yako ni ya zamani na haina hata moja, hakuna faida kulipia SSD ya kasi kubwa, maana itatembea kwa mwendo wa tundu.

Sasa nije kwenye jambo linalowaumiza watu kuliko yote, yaani diski bandia, ambazo zimejaa katika masoko mengi ya dunia na hapa kwetu hazikosekani. Mimi mwenyewe nililipia somo hilo. Nilinunua mjini diski iliyoandikwa terabaiti 4, yenye kasha jeusi linalong'aa na uzito wa kutosha mkononi, na kompyuta ikaonyesha terabaiti zote nne bila kusita. Mdogo wangu, anayepiga picha za harusi, akaweka humo kazi ya miezi miwili. Majina ya mafaili yote yalikuwepo, na ukubwa wake uliandikwa sawasawa, lakini alipoyafungua, picha zilitokea nusu yake ikiwa na rangi ya kijivu, nyingine hazikufunguka kabisa. Tulipotia ncha ya kisu kwenye ukingo wa kasha tukakuta kadi ya kumbukumbu kama ile ya simu, imegandishwa kwa gundi, na kando yake nati mbili za chuma za kuongeza uzito. Nilimrudia muuzaji, naye akanijibu bila haya: «Yaya, hii njo orijinali, kompyuta yako njo iko mubaya.»

Ujanja wenyewe ni rahisi kuuelewa. Programu ndogo iliyo ndani ya kifaa hubadilishwa ili iiambie kompyuta kwamba kuna nafasi kubwa, wakati kuna gigabaiti 32 au 64 tu. Unapovuka kiasi hicho, unachoandika hutupwa, au hufuta kile ulichoandika mwanzo, na hakuna onyo lolote linalotokea. Kwa hiyo kuona ukubwa kwenye kioo si ushahidi. Ushahidi ni kuijaza diski yote kisha kuisoma tena, kazi ambayo hufanywa na programu za bure: H2testw kwa wenye Windows, na F3 kwa wenye Linux au Mac. Zipakue nyumbani kabla ya siku ya kununua. Jaribio kamili la terabaiti 1 huchukua karibu saa tatu za kuandika na nyingine karibu tatu za kusoma, hivyo halifanyiki dukani. Linalofanyika dukani ni kukubaliana na muuzaji, kwa maandishi kwenye risiti, kwamba una siku kadhaa za kuirudisha, na kwamba namba ya diski iliyo kwenye risiti ndiyo iliyo kwenye kasha na kwenye boksi. Muuzaji akikataa kuandika hilo, amekwisha kukujibu.

Bei pia husema. Diski za kuzunguka hutengenezwa na kampuni tatu tu duniani, yaani Seagate, Western Digital na Toshiba, na ile ya inchi 2.5 haijavuka terabaiti 6. Ukiletewa kidude cha kuingia mfukoni kinachodai terabaiti 16 kwa bei ya mfuko wa unga wa kilo 25, huna haja ya programu yoyote. Kirudishe mezani na uendelee na safari yako.

Diski zilizotumika ni habari nyingine, na sizikatai, mradi ziuzwe kama zilizotumika. Nenda na laptopu yako ikiwa na CrystalDiskInfo, ambayo pia ni ya bure, uichomeke diski mbele ya muuzaji na utazame mambo mawili: saa ambazo imewashwa, na idadi ya sehemu zilizoharibika na kuhamishwa. Mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760, kwa hiyo diski «mpya» yenye saa 20,000 imetolewa kwenye mashine fulani na kuvishwa kasha jipya. Kuhusu sehemu zilizoharibika, mimi hukubali sifuri peke yake. Programu ikishindwa kabisa kuisoma afya ya diski inayodaiwa kuwa ya kuzunguka, ongeza shaka yako maradufu.

Fikiria pia mapema utaifomati vipi, yaani utaipangia mafaili kwa mfumo gani, kwa sababu kubadilisha baadaye kutakulazimu kuhamisha mizigo yote kwanza. Mfumo wa FAT32 haukubali faili moja linalozidi gigabaiti 4, na video ndefu ya harusi hupita hapo kwa urahisi. NTFS ni imara zaidi umeme ukikatika au kebo ikichomoka ghafla, hivyo ndiyo ninayoipendekeza kwa anayetumia Windows tu. Mac huisoma lakini haiiandikii bila programu ya ziada. Anayebadilishana kazi na wenye Mac atumie exFAT, akijua kwamba kwa mfumo huo ni lazima aiage diski kwa utaratibu kwenye kompyuta kabla ya kuichomoa. Ukiipeleka diski kwenye mashine za umma kama zetu utarudi nayo ikiwa na virusi vya kuficha folda na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale. Kazi ya kuchapisha ilete kwa flashi, diski ibaki nyumbani.

Siku ya kwenda, kagua noti zako za dola chini ya mwanga, kwa kuwa mwenye duka atazikagua vilevile na noti yenye mpasuko mdogo kama kucha itakurudisha nyumbani mikono mitupu. Chaji laptopu ijae. Omba kebo iliyomo kwenye boksi ijaribiwe hapohapo, hasa ile yenye kichwa kipana cha USB 3.0, kwani kebo huchoka mapema kuliko diski na si kila duka linaiuza peke yake. Msimu wa kiangazi, vumbi letu jekundu linapoingia hadi ndani ya makabati, nunua na kipochi chenye zipu. Usizibe kwa gundi wala plasta kitundu kidogo cha kupumulia kilicho kwenye diski ya kuzunguka, kwa sababu kipo kwa makusudi na kina kichujio chake.

Diski yangu ya pili haikai kwangu. Iko kwa mama, kule Katuba, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kwenye sanduku moja na hati ya kiwanja. Kila mwisho wa mwezi naipitia, naiwasha, naongeza mapya, nafungua picha tatu au nne za zamani kuona kama bado zinafunguka, kisha mama mwenyewe anairudisha sandukuni na kutia kufuli.