Namna ya kujaza ukumbi kwenye tamasha la kwaya ya mtaa, Dar es Salaam

Kwaya nyingi za jiji hili zinajua kuimba. Kinachozishinda ni viti. Wanakwaya wanafanya mazoezi miezi mitatu, sauti zote nne zimekaa, sare zimetoka kwa fundi, halafu siku ikifika ukumbini wamekaa ndugu zao peke yao. Mimi ni katibu wa kwaya ya mtaa isiyo ya kanisa wala ya shule. Tuna Wakristo na Waislamu, tuna muuza genge, tuna mwalimu, tuna dereva wa bajaji. Kazi yangu ni watu: waje, warudi, na watusaidie kuwafikia wale wasioweza kuja. Hapa naandika tunavyofanya, hatua kwa hatua.

Utaona kwamba bango limekaa karibu na mwisho. Nimeliweka huko makusudi, kwa sababu anayejaza ukumbi ni mtu aliyewahi kuisikia kwaya ikiimba karibu naye, na mkaachiana namba za simu.

Hatua ya 1: Jina kwenye karatasi, pesa kwenye jina la kwaya

Vikundi vya sanaa husajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Anzeni kwa Afisa Utamaduni wa manispaa yenu, mkiwa na katiba fupi, majina ya viongozi na barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri. Atawaelekeza pia kuhusu kibali cha onyesho lenyewe, maana hicho ni kitu cha pili, na kinataka muda.

Pesa zikae kwenye akaunti ya kikundi au lipa namba yenye jina la kwaya. Hili naliona kila msimu: mtu anayetaka kutuma elfu tano huangalia jina linalotokea kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri. Akiliona jina la kwaya, anatuma. Akiona jina la mtu asiyemfahamu, anairudisha simu mfukoni na kusema atatuma kesho.

Hatua ya 2: Siku, kisha ukumbi

Chagueni Jumamosi inayofuata mishahara. Epukeni Januari, wazazi wanalipa ada. Epukeni Ramadhani, na kama wanakwaya wenu wengi wako pia kwenye kwaya za makanisa, epukeni wiki za mwisho za Kwaresima, maana mtapigania watu walewale. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni mtihani: mvua kubwa ikinyesha, Jangwani hujaa maji na mtu wa Magomeni anashindwa kufika mjini. Tazameni na ratiba ya ligi. Siku ya Simba na Yanga msiweke chochote.

Anzeni saa 10 jioni, mmalize kabla ya saa 12. Mtu wa Chanika au Mbagala anataka kupata daladala kabla giza halijaingia, na wa Kigamboni ana pantoni ya kufikiria. Tamasha la saa 1 usiku huwa la wenye magari.

Ukumbi nendeni kuujaribu wenyewe. Simameni katikati ukiwa mtupu, mmoja apige kofi moja la nguvu. Sauti ikikata papo hapo, ukumbi unameza. Wanakwaya wasimame karibu karibu na mbele kabisa. Ikibaki inazunguka juu kwa sekunde mbili tatu, kama ilivyo kwenye makanisa makubwa ya zamani yenye dari refu, nyimbo za mwendo wa haraka zenye maneno mengi zitageuka uji. Punguzeni mwendo, au badilisheni wimbo. Halafu washeni mapangaboi yote, mwimbe kwa sauti ya chini. Kuna mapangaboi yanayolia kiasi kwamba sauti ya pili haisikiki kuanzia safu ya tano, na jioni ya Dar es Salaam hamwezi kuyazima. Tazameni juu pia. Bati lisilo na dari pamoja na mvua ni tamasha la mvua.

Wengi hudhani kumbi ni zile za harusi tu. Ulizeni Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, Alliance Française Upanga, au Nafasi Art Space Mikocheni. Hizo ni sehemu zilizozoea sanaa, na wenyewe wana wageni wao ambao hawajawahi kuwasikia ninyi.

Hatua ya 3: Nyimbo za dakika 75

Saa moja na robo inatosha. Msikilizaji atoke akiwa bado anatamani.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Muziki wa Handel, mtunzi wa Ulaya aliyefariki 1759, hauna mwenyewe wa kumlipa, ila aliyeutafsiri kwa Kiswahili au kuupangia sauti upya majuzi anaweza kuwa na haki yake. Kwa mtunzi wa Kitanzania aliye hai, mpigieni simu, mwombeni ruhusa, jina lake liandikwe kwenye karatasi ya ratiba, naye apewe kiti cha mbele. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, watawaeleza taratibu za nyimbo nyingine. Watunzi wetu wa kwaya wameimbwa nchi nzima bila hata kutajwa majina, na jambo hili linaniuma. Kwaya ya mtaa inaweza kuanza kulirekebisha kwa gharama ya simu moja.

Wekeni angalau wimbo mmoja wa asili wenye kupokezana. Nyimbo za Wagogo zina sauti zinazojibizana ambazo hazihitaji kinanda, na zikianza utaona ukumbi mzima unanyanyua vichwa. Mkitaka wapiga ngoma waliosomea, ulizieni wahitimu wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo.

Hatua ya 4: Imbeni kwanza pale watu walipo

Hatua hii ianze miezi miwili kabla ya tamasha. Ni hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na kwaya nyingi kwa kisingizio cha nauli.

Shule ya msingi: onaneni na mwalimu mkuu mkiwa na barua yenye muhuri, atawaambia kama lazima ipitie kwa Afisa Elimu Kata. Ombeni dakika 40, si siku nzima. Nendeni watu wanane, wawili kila sauti, kwaya nzima haiingii darasani. Msiwaimbie watoto muda wote. Wafundisheni kiitikio kwa nota: mwalimu wa kwaya anatoa kii, yaani sauti ya kuanzia, anaimba do-mi-so huku mkono ukipanda kwa kila nota, watoto wanarudia. Gawanyeni darasa nusu kwa nusu, upande mmoja ushike do ile ya chini na usiachie, upande mwingine uimbe mi. Zile sauti mbili zikikutana kwa mara ya kwanza, darasa hunyamaza ghafla, halafu wanacheka, halafu wanaomba tena. Kisha waambieni kwamba siku ya tamasha kiitikio hicho kitaimbwa, na watakaokuja watasimama mbele kuimba na sisi. Mtoto atakayerudi nyumbani akikiimba jikoni ameshamwalika mama yake, shangazi na jirani. Watoto na mzazi mmoja wa kila mtoto tunawaingiza bure.

Picha za watoto msizipige wala kuzirusha mitandaoni bila ruhusa ya shule na wazazi.

Hospitali: pitieni ofisi ya ustawi wa jamii, na wodini mfuateni nesi anavyosema. Nyimbo tatu za taratibu, bila ngoma, bila hotuba, bila sare za kumeremeta. Mkiona mgonjwa amefunga macho, msimwendee kumwuliza kama amefurahi. Hapo hatuombi namba ya mtu wala hatutaji tamasha. Watu wa hospitali wakitaka kututafuta, barua yetu wanayo.

Sokoni na stendi tunaimba kidogo, robo saa, tukiwa tumeshaongea na uongozi wa soko. Muda mzuri ni saa 4 asubuhi, wanunuzi wa alfajiri wakiwa wameondoka na wauzaji wamekaa wanapumua. Mama ntilie mmoja akiwapenda ni zaidi ya mabango kumi, kwa sababu anaongea na watu mchana kutwa.

Hatua ya 5: Daftari

Kila mnapoimba, isipokuwa hospitali, awepo mtu mmoja asiyeimba mwenye daftari. Jina, namba ya simu, anakoishi, na nafasi ndogo ya kuandika alichosema. Hiyo nafasi ya mwisho ina thamani kubwa. "Baba yake alikuwa mwalimu wa kwaya Mbeya." "Anapenda besi." Miezi miwili baadaye ukimpigia na kumwambia wimbo wa safari hii una besi nzito, anajua hajaandikwa kama namba tu.

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, namba ya mtu si kitu cha kuchukua tu. Mwambieni mtaitumia kwa habari za kwaya pekee, na akitaka kutolewa mumtoe siku hiyohiyo. Msimwingize mtu kwenye kundi la WhatsApp bila kumwuliza. Kesho yake akiamka ameshatumiwa salamu za asubuhi arobaini, mmempoteza. Tumieni orodha ya matangazo, ambapo kila mmoja anapata ujumbe peke yake. Ila ujumbe wa orodha hiyo unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yenu kwenye simu yake. Kwa hiyo mwenye daftari asiishie kuandika. Aseme, "Dada, naomba uihifadhi namba yetu sasa hivi, andika jina la kwaya," na asubiri mpaka amemaliza.

Kutoka kwenye daftari ndiko wanakotoka marafiki wa kwaya. Hawa wanatoa mchango mdogo kila mwezi, na wana haki zao: kuja kwenye mazoezi mara moja kwa msimu na kukaa katikati ya wanakwaya, kuisoma taarifa ya mapato na matumizi, na kupigiwa simu wakifiwa au wakiugua. La mwisho msilifanye kwa ajili ya mchango. Mtu akiwa rafiki wa kwaya, msiba wake ni msiba wenu, nendeni mkaimbe.

Hatua ya 6: Hesabu, na kuomba kwa jina la kitu

Tuchukue mfano. Ukumbi 500,000. Vyombo na fundi mitambo 350,000. Jenereta na mafuta 120,000. Uchapaji 150,000. Chakula na maji kwa wanakwaya 40, kila mmoja 4,000, ni 160,000. Nauli za wapigaji 80,000. Vibali na dharura 140,000. Jumla 1,500,000. Wakiingia watu 200 kwa kiingilio cha 5,000, mmepata 1,000,000, na watoto mmewaingiza bure. Pengo ni 500,000. Marafiki 25 wakitoa 5,000 kila mwezi kwa miezi minne, pengo limefungwa kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Ndiyo maana hatupandishi kiingilio.

Kwa wafanyabiashara, msipeleke barua inayoomba "ufadhili". Mwenye stesheneri anajua bei ya rimu, hajui bei ya ufadhili. Mwombeni achapishe ratiba 200, na jina lake liwe nyuma ya kila moja. Mwenye duka la jumla mwombeni katoni sita za maji. Mwenye turubai na viti mwombeni viti 50 tu. Nendeni watu wawili, asubuhi kabla duka halijachangamka, mmoja wenu awe mteja wake wa siku zote. Akikataa, mshukuruni na mwachieni tiketi moja.

Hatua ya 7: Bango

Siku, saa, mahali, kituo cha karibu cha daladala au Mwendokasi, kiingilio, lipa namba. Picha moja ya wanakwaya wakiwa wamefungua midomo wanaimba. Basi.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Wanakwaya wafike saa 7 mchana, wale, wanywe maji, wapime sauti ukumbini watu wakiwa hawajaingia. Joto na unyevu wa Pwani huichosha kwaya, na kwaya iliyochoka huteremka kii. Mwalimu atoe kii upya kwa kila wimbo, hata ule wanaoujua usingizini.

Mlangoni wekeni watu watatu: wa tiketi, wa daftari, na wa kuwaonyesha wazee viti vilivyo mbali na spika. Lipa namba iandikwe kwa maandishi makubwa na kubandikwa usawa wa macho, foleni isisimame mtu akiuliza tarakimu. Mkiwa na mgeni rasmi, mpeni dakika tano, tena katikati ya nyimbo, mkimweleza mapema. Hotuba ndefu mwanzoni huwachosha watoto waliokuja kuimba, na wao ndio mliowaahidi.

Kiitikio cha watoto kiwe cha pili kutoka mwisho. Ukumbi mzima usimame, mwalimu awageukie watu, upande wa kulia ushike do.

Hatua ya 9: Siku saba zinazofuata

Jumapili pumzikeni. Jumatatu tumeni shukrani kwa orodha nzima, pamoja na sauti ya dakika moja iliyorekodiwa ukumbini. Kufikia Alhamisi mweka hazina atume hesabu kwa marafiki na wafadhili: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na kitakakokwenda. Waliotoa maji waonyeshwe maji yakinywewa.

Halafu kaeni wawili na daftari, mtie alama kwa kila aliyekuja. Walioahidi na hawakufika wapigieni kuwauliza habari zao, msiwaulize kwa nini hawakuja. Wengi watataja sababu wenyewe: nauli, mtoto kuugua, zamu ya kazi. Ziandikeni. Kama watu wa Gongo la Mboto sita wametaja nauli, tamasha la kwanza la msimu ujao tafuteni ukumbi wa shule hukohuko Gongo la Mboto, na barua ya kwa mwalimu mkuu ianze kuandikwa wiki hii.