Namna ya Kufuatilia Maana na Asili ya Neno "Mchongo"

Ukiketi kijiweni karibu na stendi ya Mkanaledi, Mtwara, msimu wa korosho unapokaribia, hutakosa kumsikia kijana akimwambia mwenzake, "Kaka, nishtue kukiwa na mchongo," na punde si punde mwingine akilalamika kwamba penalti ya jana ilikuwa ya mchongo. Neno ni moja, lakini la kwanza ni nafasi ya kujipatia kipato, na la pili ni hila iliyopangwa. Kwa hiyo anayelichunguza aandike sentensi nzima, pamoja na nani kasema na kwa nani.

Kisha tazama maneno yanayoandamana nalo. Likifuata kitenzi kama kupata au kupewa, mara nyingi ni fursa. Likifuata a-unganifu, yaani viunganishi kama ya, cha na la, mfano katika "cheti cha mchongo", ni kitu bandia. Lijaribu kwa kulibadilisha: ukiweka "kibarua" katika sentensi ya yule kijana, maana inasimama, lakini "penalti ya kibarua" haisemi kitu.

Ndipo urudi kwenye mzizi. Mchongo hutokana na kuchonga, kama mtego unavyotokana na kutega, na kitenzi hicho kina kazi nyingi: penseli huchongwa, barabara huchongwa kwa greda, na meno pia yalichongwa, ndiyo maana Mwalimu Nyerere alipewa jina la Mchonga. Sisi wa Mtwara tuna mfano ulio hai zaidi, kwani mchongaji wa Kimakonde huketi mbele ya gogo la mpingo akiliondoa kidogo kidogo mpaka litokee umbo alilolikusudia. Kwa maoni yangu, hapo ndipo maana zote mbili za mtaani zinapokutana: fursa ni kitu ambacho mtu amekiunda kwa ustadi hadi kikafaa, na hila nayo imeundwa, mithili ya kinyago chenye sura ya mtu ilhali si mtu.

Hata hivyo, jihadhari na maelezo matamu. Nimewasikia wenzangu wakidai, kwa fahari ninayoielewa vyema, kwamba neno hili la mtaani lilizaliwa kwa wachongaji wetu. Lakini kuchonga ni kitenzi cha Waswahili wote, hata wasiowahi kushika kinyago, na mfanano peke yake si ushahidi. Tafuta kwanza matumizi yaliyoandikwa yenye tarehe, katika magazeti ya zamani na katika kamusi za miaka mbalimbali, na usipoyapata, andika "huenda".