Ukitaka kwenda karnivali ya Tenerife ukitoka Nairobi, panga hivi

Wengi hapa Nairobi wakisikia karnivali wanafikiria Rio tu, na kumbe kuna ingine kubwa sana Santa Cruz de Tenerife, mji ulio kwenye visiwa vya Canary, na hivyo visiwa viko Atlantiki karibu na Moroko ingawa ni vya Uhispania. Februari wakati Ulaya watu wanatetemeka huko jua linawaka na joto linacheza karibu na digrii 20, kama Nairobi siku nzuri. Mimi nilienda na dadangu mkubwa na naandika hii juu kuna vitu tungejua mapema tungelala vizuri.

Kwanza tarehe. Karnivali inafuata Pasaka kwa hivyo kila mwaka inahama. 2027 Pasaka ni tarehe 28 Machi, ukihesabu kurudi nyuma Jumatano ya Majivu inaangukia tarehe 10 Februari, na wiki yenyewe ya mtaani huwa inaanza Ijumaa kabla yake, yaani tarehe 5. Hizo ndizo siku za kushikilia.

Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, hata kama kisiwa kiko upande wetu wa dunia. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na usingoje zibaki siku 15, hio ndio mwisho kabisa. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na lazima uwe na bima ya safari inayofika yuro 30,000, paspoti iwe na angalau miezi 3 zaidi baada ya siku ya kutoka huko, barua ya likizo kutoka kazini na statementi za benki. Hapo kwa benki sikiza vizuri. Binamu yangu alikopa pesa kwa marafiki akaziweka kwa akaunti wiki moja kabla ya kuomba na akanyimwa, juu pesa iliyoingia ghafla inaonekana. Anza kuweka pole pole kutoka Agosti hivi, mshahara uonekane unaingia na unabaki.

Ndege ya moja kwa moja hakuna. Utaunganisha Addis au Istanbul au mahali pengine mpaka Madrid halafu ushike ingine ya ndani. Ukikata tikiti angalia sana kiwanja, viko viwili: cha Kaskazini kiko karibu na mji, cha Kusini kiko kama kilomita 60 na utapanda basi namba 111. Basi wanaliita guagua, hilo neno litakusaidia kila siku.

Sasa pa kulala, na hapa ndio nasisitiza kabisa: lala mjini. Mawakala wengi watakupeleka kwa hoteli za ufuo wa kusini, ni pazuri, lakini karnivali iko barabarani Santa Cruz na inachangamka saa ambazo wewe kule kusini unatafuta gari ya kurudi. Vyumba vya mjini vinaisha mapema sana na bei inapanda. Ukikosa, tafuta La Laguna, mji wa zamani ulio juu mlimani, kuna tramu inashuka mpaka Santa Cruz kwa kama dakika 40 na siku kubwa za karnivali inatembea usiku wote. Beba sweta tu, La Laguna kuna baridi ya Limuru.

Halafu nguo. Mtu asikudanganye eti unaenda kutazama. Jumatatu usiku mji mzima umevaa, wazee, watoto wa kubebwa, kikundi cha watu ishirini wote ni nyuki, na ukisimama na jinzi na jaketi unajihisi umeingia harusi ya watu bila kualikwa. Shonesha hapa, fundi wetu ni bei nafuu na Eastleigh vitambaa vya kung'aa vimejaa. Sisi tulitengeneza matatu ya katoni ya kuning'iniza mabegani, tukaichora grafiti, inakunjika inaingia kwa sutikesi, mimi nikavaa maruni nikawa makanga. Watu walikuwa wanatusimamisha wanapiga kelele "guagua! guagua!" wanapanda nyuma wanashika kiuno wanaimba, tukazunguka Plaza del Príncipe na abiria kama thelathini hatujui jina la hata mmoja. Sijawahi kufurahi hivyo na watu nisiowajua.

Malkia wa karnivali anachaguliwa kabla ya wiki ya mtaani na tikiti zake ni ngumu kupata, ila inaonyeshwa kwa TV, na itazame, juu vazi la mgombea linaweza kuzidi kilo 100 na linasukumwa kwa magurudumu. Ukifika mapema tafuta pia murga, hao ni waimbaji wa kikundi wanaowachamba wanasiasa. Wakati wa Franco, dikteta wa Uhispania, karnivali ilikuwa marufuku na watu wa Santa Cruz wakairudisha kwa jina la Sherehe za Majira ya Baridi, kwa hivyo kuimba vile ni kitu walipigania.

Jumanne mchana ni gwaride kubwa la karnivali linaitwa Coso, fika mapema ushike kivuli. Simu ifunge kwa kamba ndani ya nguo, msongamano ni wa kweli, 1987 Celia Cruz, mwimbaji wa salsa kutoka Cuba, aliimba pale Plaza de España mbele ya watu kama 250,000.

Kula ni rahisi. Viazi vidogo vinachemshwa na ganda kwa chumvi nyingi mpaka vinakunjamana, unachovya kwa mojo, sosi yao, ile ya kijani ina dhania. Saa tisa usiku tafuta arepa, ni unga wa mahindi uliojazwa nyama, tumbo la Mkenya litashukuru. Kahawa ya barraquito huwa na pombe ndani, kama hutumii waambie kabla. Na mchana mmoja panda guagua 910 uende Las Teresitas, mchanga wake uliletwa kutoka Sahara, ulale hapo tu.

Usikate ndege ya kurudi Jumatano. Jioni hio wanazika sardini, samaki mkubwa wa kutengenezwa anabebwa mjini na wanaume waliovaa kama wajane wakilia kwa sauti, halafu anachomwa. Beba leso nyeusi na kitambaa cha machozi, ulie nao.