Chumvi, chai na kutembea: jinsi mke na mume mnavyoweza kubadilika pamoja

Mwaka jana nilipimwa presha ikasoma 158 kwa 96, nikaambiwa nirudi siku nyingine, nikarudi, bado iko juu ya 140 kwa 90. Daktari akanianzishia dawa akasema na chumvi nipunguze na mwili niushughulishe. Basi mke wangu kwa upendo kabisa akaanza kunipikia mboga yangu pembeni kwenye kasufuria kadogo, wao maharage ya nazi yameungwa yananukia mpaka barazani, mimi nakula changu kama niko wodini. Wiki mbili tu nikawa nikitoka kazini napitia chipsi.

Kwahiyo la kwanza kabisa jamani, msipike sufuria mbili. Nyumba nzima ile chakula kimoja, kipungue chumvi kidogo kidogo, ulimi unazoea ndani ya wiki kadhaa tu. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yani kama kijiko kimoja cha chai, lakini nani anapima kijiko wakati anapika? Sisi tulifanya hivi, tulinunua pakiti mpya ya nusu kilo tukaiandika tarehe kwa maka peni. Tuko wanne, mimi, mama watoto na watoto wawili, kwahiyo gramu 500 ukigawa kwa 20 kwa siku inatakiwa ifike angalau siku 25, na watoto wanahitaji hata chini ya hapo. Yetu iliisha siku ya 16! Na hapo hujahesabu vile vidonge vya kuungia mchuzi ambavyo navyo vimejaa chumvi. Tukatoa kichupa cha chumvi mezani, vidonge tukaacha, tukaongeza ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, pakiti ya pili ikafika siku 24. Ila nunueni ileile yenye madini joto, msiiache.

Chai nayo, kama mnaichemsha na sukari humohumo halafu inaingia kwenye chupa, hamna anayeweza kupunguza hata akitaka. Chemsheni bila sukari, kila mtu atie kwenye kikombe chake. Mimi nilitoka vijiko vitatu nikaja viwili, sasa hivi kimoja.

Kwenye mazoezi ndo wengi mnakwama, na mara nyingi wanaume ndo tunakwamisha. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, yani nusu saa siku tano, mwendo wa haraka kiasi kwamba unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Sasa wewe umerudi saa kumi na mbili jioni unamwambia mkeo twende tukatembee wakati ana ugali jikoni, mtoto ana homuweki, vyombo vya mchana vipo kwenye karai, atatoka saa ngapi? Halafu unaenda peke yako unasema mke wangu hapendi mazoezi. Hapendi au hana nafasi? Sisi tulikaa tukagawana, vyombo na homuweki vikawa vyangu, mboga anachambua na kukatakata mchana, ndo tukapata nusu saa yetu kabla ya kula. Siku isiyowezekana mnashuka daladala vituo viwili kabla mnamalizia kwa mguu.

Msichungane. Maneno kama "si ulisema umeacha soda wewe" mbele ya mawifi au mashemeji yanaumiza, na mtu akiumia anaenda kunywa hiyo soda kwa kujificha. Kama kuna jambo, semeni mkiwa wawili. Na siku ya harusi pilau lile lileni kwa amani, kesho yake mnarudi kwenye utaratibu wenu.

Kama uwezo upo nunueni mashine ya presha, ile ya kufunga kwenye mkono juu ya kiwiko. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini usikunje nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na nusu saa kabla usinywe kahawa wala chai ya rangi wala kuvuta sigara. Kwetu mimi nakaa, mke wangu anafunga na kuandika kwenye daftari, na hilo daftari naenda nalo kliniki. Jana ilikuwa 132 kwa 84. Dawa sijaacha, na wewe usiache kwa sababu namba zimependeza, hilo aamue daktari.

Halafu badilishaneni kiti. Mke wangu miezi yote ile alikuwa ananipima mimi tu, presha mara nyingi haina dalili, na yeye hakuwahi kujipima tangu kliniki ya mtoto wa mwisho. Sasa ukurasa wa kushoto ni wangu, wa kulia ni wake.