Somo: Mchezo wa Gunia wa Kufundishia Viungo vya Ndani vya Mwili

Kila muhula walimu wenzangu wa Sayansi huniuliza jambo lile lile, yaani ni kwa namna gani darasa la wanafunzi themanini linaweza kujifunza viungo vya ndani bila kukariri tu. Nimechoka kurudia maelezo, hivyo nayaandika yote hapa.

Hatua ya 1. Fumua magunia mawili na uyashone yawe shuka moja.

Hatua ya 2. Mwanafunzi aliyejitolea alale chali juu yake, na mwenzake amchore pembeni kwa mkaa.

Hatua ya 3. Kata viungo kutoka kwenye maboksi: ubongo, mapafu, moyo, ini, tumbo, bandama, kongosho, figo mbili na kibofu cha mkojo. Moyo ulingane na ngumi ya mwanafunzi aliyechorwa. Ini lipewe upana wa kutosha, kwa kuwa watoto hulikata dogo kama kile kipande walichokiona kwenye sahani.

Hatua ya 4. Weka alama ya upande wa kulia. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo naomba usome taratibu. Mara ya kwanza nilitandika gunia sakafuni, timu moja ikasimama miguuni na nyingine kichwani, nami nikawa nasema "wekeni ini kulia" bila kufafanua ni kulia kwa nani. Timu ya kichwani iliweka mahali sahihi, ya miguuni ikaweka kushoto kwa mchoro, nami kwa haraka zangu nikazipa zote alama. Mtihani ulipofika, karibu nusu ya darasa walichora ini upande wa kushoto, na kosa halikuwa lao. Siku hizi nafunga kitambaa chekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa mchoro, na kila mchezaji hugusa kwanza mbavu zake mwenyewe za kulia kabla ya kuweka ini. Usiruhusu mtu aseme "upande huu"; aseme "kulia kwake". Tahadhari hiyo hiyo inahusu picha za kitabuni, ambazo hututazama, hivyo kulia kwao kuko kushoto kwetu.

Hatua ya 5. Andika kadi za kazi za viungo. Usiandike "Ninasafisha damu", kwa sababu figo, ini na bandama vyote vina haki ya kudai kadi hiyo, na utasuluhisha ugomvi hadi kengele ilie. Andika "Ninachuja damu na kutengeneza mkojo", au "Ninatengeneza nyongo". Jihadhari pia na neno "tumbo", ambalo kwetu ni eneo lote la mbele chini ya kifua na pia ni kile kiungo kinachopokea chakula kutoka kwenye umio. Mtoto akisikia tumbo hugusa kitovu, ilhali kiungo chenyewe kiko juu zaidi, kuelekea kushoto, kikiwa kimefunikwa kwa sehemu na mbavu.

Hatua ya 6. Soma kadi, mchezaji mmoja wa kila timu achague kiungo, akiweke na aeleze sababu. Asiyeeleza hapati alama.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, ini linawekwa upande gani?
Jibu: Hatua ya 4.

Swali: Naomba unitumie viungo vilivyokwisha kukatwa, sina muda wa kukata.
Jibu: Sina vya kutuma. Wape wanafunzi wakate, kwani kukata ni sehemu ya somo.

Swali: Nina wanafunzi 112. Si watakanyagana?
Jibu: Sikusema wakimbie wote. Tengeneza magunia matatu, na wasiocheza wawe waamuzi wenye madaftari.

Swali: Kwa nini kwenye michoro figo ya kulia huwa chini kidogo kuliko ya kushoto?
Jibu: Swali zuri sana, mwalimu mwenzangu. Ini limekaa juu yake na kuchukua nafasi. Jambo la namna hiyo liko kifuani pia: pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili, kwa kuwa moyo umeegemea kushoto. Waulize wanafunzi ni nani amemsukuma nani, na watakumbuka.

Swali: Nina mwanafunzi asiyeona. Nimshirikishe vipi?
Jibu: Shona ukingo wa mchoro kwa kamba nene ili aufuate kwa vidole, na mapafu yawe ya sponji. Kitambaa chekundu hakitamfaa, hivyo fundo kubwa lichukue nafasi yake.

Mchango: Kwa utumbo mwembamba mimi hutumia kamba ya mita 6, ambayo inakaribia urefu wake kwa mtu mzima. Darasa huguna wakiiona ikikunjwa ndani ya umbo la mtoto.
Jibu: Ahsante, nilikuwa nimeusahau kabisa. Kamba iwe laini. Ya katani hukataa kukunjika.